Tangi la rezini linapogoma: dalili na visababishi kwa wenye visima vya Tanga

Malalamiko mengi kuhusu matangi ya rezini hunifikia yakiwa na hukumu tayari: "Fundi, rezini imekufa, niletee nyingine." Mara nyingi haijafa. Rezini ya kulainisha maji ikitunzwa hupitisha miaka kumi bila shida. Kinachobadilika upesi ni maji. Kisima cha Sahare au Mwambani kilichokuwa na maji matamu wakati wa masika kinaweza kuonja bahari kaskazi inapokolea, Januari na Februari. Cha upande wa Kiomoni nacho kinachota kwenye jiwe la chokaa, jiwe ambalo maji yalilila taratibu hadi yakapatikana Mapango ya Amboni. Tangi lililonunuliwa kwa kufuata tangazo, bila maji kupimwa, litagoma tu. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini naanza na maji, ndipo nije kwenye tangi, na pochi ije mwisho.

Kilichomo ndani ya tangi

Ukilifungua utakuta punje ndogo za rangi ya asali, za kati ya milimita 0.3 na 1.2. Kila punje ni polima: minyororo ya polistairini iliyofungwa pamoja kwa divinailibenzini ili isiyeyuke majini. Juu ya minyororo hiyo kiwandani hupachikwa vikundi vyenye chaji. Vikundi vya salfoneti vina chaji hasi, hushika kalisiamu na ndugu zake. Vikundi vya amonio vina chaji chanya, hushika naitreti, salfeti na wenzao. Rezini haiui uchafu wala haiumezi, inabadilishana. Inapokea kalisiamu na kutoa sodiamu, au inapokea naitreti na kutoa kloraidi.

Na inabadilishana kwa upendeleo. Rezini ya salfoneti hupenda risasi kuliko kalisiamu, kalisiamu kuliko shaba na zinki, hizo kuliko magnesiamu, kisha potasiamu, na sodiamu iko karibu na mkia. Rezini ya kawaida ya amonio hupenda salfeti kwanza, halafu naitreti, halafu kloraidi, halafu bikaboneti, na floraidi ni ya mwisho kabisa. Anayekuuzia rezini ya kawaida umpelekee ndugu yako Arusha ikamwondolee floraidi amekuuzia foleni ambayo mgonjwa wako ndiye wa mwisho; kule mkaa wa mifupa au alumina ndivyo vinavyofanya kazi hiyo. Ukiikariri foleni hii, dalili nyingi utazisoma bila hata kufungua tangi.

Kabla hujashika spana

Chota maji kwenye koki iliyo kabla ya tangi na iliyo baada ya tangi, muda uleule, kwenye chupa mbili safi. Pima yote mawili. Wengi hupima yanayotoka tu, kisha huyalinganisha na cheti cha maabara cha siku kisima kilipochimbwa.

Ile kalamu ya kupimia TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, iweke kando kwanza. Kilainishi cha maji hakipunguzi TDS, kwa sababu kila kalisiamu inayotoka nafasi yake inachukuliwa na sodiamu. Mwenye nyumba akiona namba haikushuka anadhani ameibiwa, kumbe tangi linafanya kazi vizuri. Kalamu hiyo ina faida moja kubwa: ikiwa maji yanayoingia yalisoma 600 wakati wa mvua na sasa yanasoma 1,500, ujue bahari imeingia kisimani.

Kwa ugumu wa maji, yaani kalisiamu na magnesiamu zilizomo, tumia sabuni ya mche. Kwangua kidogo, yeyusha kwenye maji ya mvua, upate maji ya sabuni. Jaza nusu chupa ya maji unayoyapima, tia matone kadhaa, tikisa kwa nguvu. Maji laini yatatoa povu linalokaa. Maji magumu yatatoa utando mweupe unaoganda juu, na povu litakufa ukiwa unaliangalia. Usipime kwa sabuni ya unga wala ya maji ya kuoshea vyombo: hizo hutoa povu hata kwenye maji ya chokaa, ndiyo maana watu wa Pongwe wanazipenda.

Dalili: ukoko kwenye birika umerudi

Kwanza hesabu. Lita moja ya rezini ya kulainisha, kwa matumizi ya kawaida, hubeba takriban gramu 50 za ugumu ukihesabiwa kama kalisiamu kaboneti. Tangi la lita 25 za rezini linabeba gramu 1,250. Maji yenye ugumu wa miligramu 400 kwa lita, jambo lisiloshangaza kwenye mawe ya chokaa, yatalijaza baada ya lita 3,125 hivi. Nyumba ya wageni inayotumia lita 2,000 kwa siku italimaliza kwa siku moja na nusu. Sasa kama kipima muda kimewekwa kuirudishia rezini nguvu (kuipitishia majichumvi makali ili kalisiamu itoke na sodiamu irudi) kila Jumapili, hapo hakuna ugonjwa wa kutafuta. Siku tano na ushee za wiki maji yanapita tu.

Endelea na hesabu hiyohiyo upande wa chumvi. Kuirudishia nguvu rezini kunataka gramu 100 hadi 160 za chumvi kwa kila lita ya rezini. Lita 25 zinakula kilo tatu hivi kwa mara moja, na kwa nyumba ile ya wageni ni kilo 60 kwa mwezi. Mimi humshauri mtu alainishe maji ya hita, ya kufulia na ya jikoni tu. Maji ya chooni na ya bustani hayana haja, na hata ya kunywa hayadaiwi: Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za afya.

Hesabu ikikubali na ukoko bado upo, geukia chumvi. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Raskazone alinipokea kwa furaha: "Mwanangu, chumvi yako haiishi, Mungu kaibariki." Nilishusha mpini wa ufagio kwenye pipa la chumvi. Juu paligonga kama sakafu, kisha mpini ukatumbukia ghafla kwenye uwazi. Chumvi ilikuwa imeshikana ikawa dari, na chini yake maji yalikuwa hayaigusi. Kwa hali ya hewa yetu hili halishangazi. Chumvi isiyopungua ni dalili tosha kwamba tangi halinywi majichumvi, hata kama kila taa kwenye vali inawaka kijani. Vunja dari hiyo, safisha pipa, na usijaze zaidi ya nusu.

Chumvi yenyewe nayo ina maneno. Ile ya kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ni rahisi na inafaa, lakini huja na udongo, mchanga, na mabaki ya maji ya bahari yenye magnesiamu. Utaijua: ni ile inayolowana kwenye gunia hata mvua haijanyesha. Magnesiamu ndiyo unayotaka kuitoa kwenye rezini, sasa unairudisha kwa ndoo. Isuuze upesi kwenye tenga, mwaga maji ya kwanza, iache ichuje. Udongo wake pia huziba tundu dogo la kifyonzeo cha majichumvi. Lifungue, lizibue kwa mswaki laini. Usitumie sindano, italipanua.

Ukiwa bado na shaka, fanya jaribio la chupa, ndilo linalomaliza ubishi. Toa rezini kiasi cha kikombe kutoka juu ya tangi. Ioshe. Kata chupa ya maji kitako, iweke kichwa chini, ziba mdomo kwa kitambaa, mimina rezini ndani. Pitisha polepole lita moja ya maji yenye gramu 100 za chumvi safi ya mezani, kwa muda wa nusu saa. Suuza kwa maji ya mvua hadi ukiyaonja usisikie chumvi. Sasa pitisha maji ya kisima taratibu, uyapime kwa sabuni ya mche. Povu likikaa, rezini ni nzima na kosa liko kwenye vali, kwenye chumvi au kwenye mpangilio. Povu lisipokaa, ndipo uanze kuifikiria rezini.

Kuna kosa jingine la kufunga tu: pampu kubwa kwa tangi dogo. Kilainishi hufanya kazi vizuri maji yakipita kiasi cha mara 8 hadi 40 ya ujazo wa rezini kwa saa. Kwa lita 25 hiyo ni lita 200 hadi 1,000. Pampu ya lita 3,000 kwa saa inayapitisha maji kwa nusu dakika tu, na punje hazina muda wa kushika.

Dalili: maji yanatoka na chumvi

Kama chumvi inasikika asubuhi tu, baada ya tangi kujirudishia nguvu usiku, suuzo ni fupi. Ongeza dakika za kusuuza, mambo yamekwisha.

Kama inasikika mchana kutwa, onja yanayoingia. Maji ya bahari yana takriban miligramu 19,000 za kloraidi kwa lita. Asilimia mbili tu ya bahari ikichanganyika kisimani huongeza karibu miligramu 380, na ulimi huanza kulalamika ikipita 250. Rezini ya kulainisha haiondoi kloraidi hata chembe. Tena bahari inaharibu kazi ya kulainisha kwa njia mbili. Ya kwanza, inaleta ugumu wake: magnesiamu ya bahari ni karibu miligramu 1,300 kwa lita. Ya pili ni ya undani zaidi. Ule upendeleo wa rezini kwa kalisiamu dhidi ya sodiamu hupungua kadiri maji yanavyozidi kuwa na chumvi. Ndiyo sababu majichumvi makali yanaweza kuifukuza kalisiamu wakati wa kuirudishia nguvu. Kisima kikiingiliwa na bahari, kazi hiyo ya kufukuza inaanza kufanyika mchana, wakati unataka rezini ishike.

Hapa dawa iko kisimani. Punguza kasi ya pampu, vuta kidogo kidogo kwa saa nyingi badala ya kuvuta kwa fujo jioni, na ikiwezekana pandisha pampu juu kidogo, maana maji ya chumvi ni mazito na hukaa chini. Ikishindikana kabisa, kinachohitajika ni utando wa osmosisi kinyume, unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Usiongeze tangi la pili la rezini kwa tatizo hili.

Dalili: naitreti inatoka nyingi kuliko inayoingia

Hii ndiyo inayowafanya watu wadhani kipimo kimeharibika. Kisima kipo karibu na vyoo vya shimo, maabara imesema naitreti imepita kikomo cha miligramu 50 kwa lita, mwenyewe amefunga rezini ya amonio. Wiki za mwanzo salama. Kisha siku moja yanaingia maji ya miligramu 60 na yanatoka ya 90. Namba hizo ni za mfano tu, lakini jambo lenyewe ni la kweli na linafahamika.

Rudi kwenye foleni: salfeti iko mbele ya naitreti. Rezini mpya inashika zote mbili. Ikikaribia kujaa, salfeti inayozidi kuingia inawasukuma naitreti waliokwisha kukaa, wanatoka kwa mkupuo, pamoja na wale wanaoingia siku hiyo. Na salfeti inatoka wapi? Bahari tena: maji yake yana karibu miligramu 2,700 kwa lita, kwa hiyo ile asilimia mbili inaongeza zaidi ya 50. Ndiyo maana tangi lileile linapita mtihani mwezi wa Mei na kufeli mwezi wa Februari.

Suluhisho la haraka ni kuirudishia nguvu mapema, ukihesabu salfeti na naitreti kwa pamoja. Suluhisho la kudumu ni rezini inayochagua naitreti. Kwenye hiyo, vikundi vya amonio vimepewa matawi marefu ya kaboni, ya ethili au bitili, badala ya methili. Matawi hayo huzitenganisha chaji, kwa hiyo salfeti yenye chaji mbili inakosa pa kujishikiza vizuri, na naitreti yenye chaji moja inapanda mbele ya foleni. Inabeba kidogo kuliko ya kawaida na bei yake iko juu, ila ikijaa haikumwagii mkupuo ule. Kwa nyumba yenye mtoto anayechanganyiwa maziwa ya chupa sitaki kusikia habari ya rezini ya kawaida, kwa sababu naitreti nyingi huzuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni. Na kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani, naitreti inabaki.

Angalia pia karatasi ya kipimo imeandikwaje. Vipimo vingine huhesabu naitreti nzima, vingine huhesabu naitrojeni iliyomo ndani yake tu. Miligramu 50 za kwanza ni sawa na 11.3 za pili. Mtu anayesoma 12 kwenye kipimo cha pili akashangilia amekwisha kupita kikomo.

Maji ya suuzo ya tangi hili yamebeba naitreti yote uliyoikusanya. Yakimwagwa pembeni ya kisima yanarudi mlemle.

Dalili: harufu ya samaki, au ya mayai viza

Kwenye mji wa bandari harufu ya samaki inaweza kukupotosha, kwa hiyo inusie kwenye glasi ndani ya nyumba. Ikitoka kwenye tangi la rezini ya amonio, hiyo ni trimethilamini, inayotoka vikundi vya amonio vinapovunjika. Rezini mpya huja na kidogo: isuuze kwa maji ya angalau mara kumi ya ujazo wake kabla mtu hajanywa. Isipoisha, tafuta joto. Tangi lililofungwa nje chini ya bati, upande wa jua la mchana, linajichemsha lenyewe. Lihamishie kivulini.

Mayai viza ni habari nyingine: bakteria wanaokula salfeti mahali pasipo na hewa. Hutokea nyumba ikifungwa kwa wiki kadhaa, maji yakalala tangini. Rezini haiui vijidudu, na ukiiacha tuli inawapa makao. Suuza, rudishia nguvu kwa majichumvi, na dawa ya kuua vijidudu iwe baada ya tangi.

Dalili: punje zimegeuka rangi ya kutu

Chota maji ya kisima kwenye glasi. Yakiwa meupe pe, kisha baada ya saa moja yakawa na wekundu na tope chini, una chuma kilichoyeyuka. Kikiingia tangini kikakutana na hewa, hugandia juu ya punje na ndani yake, na majichumvi hayakiondoi. Unapunguza kubeba kwa rezini polepole bila kujua.

Loweka rezini usiku kucha kwenye asidi ya sitriki, ile ya unga, robo kilo kwa lita tano za maji, kisha suuza sana na urudishie nguvu kwa chumvi. Usichanganye kamwe asidi hii na dawa ya klorini, wala usivitumie kwa kufuatana bila kusuuza katikati: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na watu wengi hufanya kazi hii kwenye stoo isiyo na dirisha. Baada ya hapo weka kinga. Maji yaanguke kwa matone kwenye tenki la wazi yapate hewa, yapite kwenye mchanga, ndipo yaingie kwenye rezini.

Dalili: presha imeshuka, au punje zinatoka bombani

Punje nzima bombani maana yake chujio la chini ya tangi limepasuka. Hakuna mjadala, fungua ubadilishe.

Vipande na unga ni jambo jingine. Chukua punje chache uziminye kati ya kucha mbili. Nzima hupasuka kwa kishindo kidogo. Ikibonyea kama ugali wa jana, klorini imeila: imekata vile vifungo vya divinailibenzini, punje imevimba, zimebanana, na maji hayapiti. Hii ndiyo rezini iliyokufa kweli. Huwapata wanaotumia maji ya bomba yenye klorini bila chujio la kaboni mbele, na wanaomwaga klorini kisimani baada ya mafuriko wakasahau kulifunga tangi.

Presha ikishuka wakati wa masika, maji ya bomba yakiwa yanatoka bwawa la Mabayani na mto Zigi umejaa tope la milimani, shuku tope kabla ya kitu kingine. Safisha kwa bakwashi, yaani maji yapite kutoka chini kwenda juu, punje zinyanyuke hadi kimo chake kiongezeke kwa nusu. Zinahitaji nafasi ya kunyanyukia. Fundi aliyejaza tangi hadi shingoni ili "lisafishe zaidi" ameinyima nafasi hiyo, na tope litabaki humo.

Metali nzito, na wale wa Handeni

Kwa zebaki inayotoka kwenye uchenjuaji mdogo wa dhahabu, kama huko Handeni, rezini za kawaida hazifai. Zinazofaa zina vikundi vya thioli, salfa yenye haidrojeni, ambavyo huing'ang'ania zebaki kwa nguvu. Zikishindwa, sababu huwa mojawapo kati ya mbili. Klorini au hewa imeziunganisha salfa mbili mbili, hazina mkono wa kushikia. Au zebaki haikuyeyuka majini bali imepanda kwenye chembe za udongo, na udongo unapita kati ya punje bila kuguswa. Chuja kwanza, pima upya. Rezini iliyojaa zebaki usijaribu kuiosha nyumbani wala kuitupa jalalani. Ifungie kwenye chombo imara, uiulizie kwenye ofisi ya mazingira.

Kwa shaba, zinki na nikeli kuna rezini zenye vikundi vya iminodiasetiki, ambavyo huikumbatia metali pande kadhaa. Kosa linalojirudia ni kuzirudishia nguvu kwa chumvi kama kilainishi. Sodiamu haiwezi kuing'oa shaba humo. Zinataka asidi, kisha magadi kidogo ya kuziamsha. Na kwa sababu hiyohiyo, maji yenye asidi kali yakiingia, hazishiki kitu.

Wanafunzi huniuliza kuhusu kitosani ya maganda ya kamba na kaa. Ni polima nzuri, inashika shaba na baadhi ya rangi za viwandani, na maganda kwetu hayakosi. Ila ikigeuka kamasi ndani ya tangi, pima pH. Chini ya 6.5 hivi kitosani huanza kuyeyuka. Ni lazima minyororo yake ifungwe pamoja kwanza, kwa kawaida kwa glutaraldehaidi, na kila kifungo kinapunguza uwezo wake wa kushika.

Polima zenye chapa ya molekuli

Hizi ndizo zenye uteuzi mkali kuliko zote, na ndizo zinazowavunja moyo watu wa maabara. Günter Wulff wa Ujerumani alizianzisha mwaka 1972, na baadaye Klaus Mosbach wa Sweden akafungua njia rahisi zaidi. Unachukua molekuli unayotaka kuikamata, tuseme kiuagugu atrazini, unaizungushia malighafi kama asidi ya methakriliki, unazigandisha zote pamoja, kisha unaiosha molekuli itoke. Linabaki tundu lenye umbo lake, kama unyayo uliobaki kwenye tope la mikoko maji yakikupwa. Molekuli nyingine ya aina ileile ikipita, inaingia.

Dalili ya kwanza: polima yenye chapa na ile ya kulinganishia, iliyotengenezwa bila molekuli, zinashika sawasawa. Basi hakuna chapa iliyofanyika, au ipo lakini umeipima mahali pabaya. Chapa nyingi hutengenezwa kwenye toluini au klorofomu, ambako mshiko ni wa vifungo vya haidrojeni. Ukizitia majini, maji yenyewe yanavichukua vifungo hivyo, na kinachobaki ni ule mnato wa plastiki unaoshika kila kitu chenye asili ya mafuta. Ama utengeneze upya kwa malighafi zinazovumilia maji, ama uvute uchafu kwanza kwenye kiyeyusho kisha ndipo uupitishe kwenye polima.

Dalili ya pili: umepitisha maji safi kabisa na atrazini imeonekana. Haitoki kisimani, inavuja kwenye polima. Kuosha kwa methanoli na asidi ya asetiki, hata kwa siku nzima, huacha kidogo ndani. Wajuzi hukwepa hili kwa kuchapa kwa molekuli inayofanana na ile wanayoitafuta, ili inayovuja isichanganywe na inayopimwa.

Ya tatu: inafanya kazi kwenye maji ya maabara, inafeli kwenye maji ya mto. Mabaki ya majani yaliyooza, yale yanayoyapa maji rangi ya chai, yamefunika matundu.

Kwa sasa mahali pake hasa ni maabara, kukusanya uchafu mdogo sana ili upimike. Anayekuuzia tangi zima la nyumbani la polima za chapa, mwombe matokeo ya maji ya kisima, siyo ya maji yaliyochujwa. Kwa viuatilifu kwenye maji ya nyumbani kaboni bado ni rahisi na inakamata aina nyingi zaidi.

Rezini iliyokauka

Imekaa kwenye mfuko uliotoboka, au tangi lilivuja nyumba ikiwa tupu. Kosa ni kuimwagia maji baridi mara moja: punje kavu hunywa kwa pupa, huvimba ghafla na kupasuka. Anza na majichumvi makali, yaliyokolea hadi chumvi haiyeyuki tena, iloweke saa kadhaa, kisha yapunguze makali kidogo kidogo kwa kuongeza maji. Ukimaliza, ifanyie jaribio la chupa kabla ya kuirudisha tangini.